Kabichi na Kesi ya Kaa la Moto

Jana usiku niliota, na kabla hujaanza kunicheka nakuomba ukumbuke kwamba nililala na njaa. Si njaa ya kukosa. Ni njaa ya kujitakia, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu huna wa kumlaumu.

Habari yenyewe ni hii. Nimeacha kupika. Mkaa umepanda bei mpaka muuzaji mwenyewe anaona haya kuitaja. Halafu binti yangu Nasra, aliyeolewa Mwanza, akanitumia kwenye simu video ya mama mmoja wa umri wangu anayekula vitu vibichi tu. Ngozi inang'aa, anapanda ngazi huku anaimba. Nikasema, huyo ni mimi. Vibichi havitaki mkaa. Nikaenda sokoni jioni, saa ambayo wauzaji wamechoka na fungu linakuwa kubwa, nikanunua karoti, matango na kabichi. Nikaloweka choroko zikachipua. Jiko langu nikaligeuza kifudifudi pale uani, kwaheri.

Magoti yamekuwa mepesi, nisiseme uongo. Kilichoniuma ni jirani yangu.

Bi. Mwanakheri anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu, hapa Ngamiani. Tangu mume wangu Shekue afariki, kila asubuhi huyu mama huja na kigae chake cha chungu: "Hodi! Naomba moto." Namtilia kaa moja, ananiuliza nimelalaje, namjibu, anaondoka. Asubuhi ya kwanza ya vibichi vyangu alikuja kama kawaida, akalikuta jiko limegeuzwa. Nikamwambia kwa maringo, maana bado nilikuwa na nguvu: "Hapa moto hakuna tena, bibiye. Katafute kwingine."

Akasema, "Aa, basi." Akaondoka na kigae chake kitupu.

Hajarudi tangu siku hiyo. Nikajisemea, kumbe alilipenda jiko, si mimi. Iliniuma wallahi, na sikumwambia mtu. Faida pekee niliyoiona ni kwamba watoto wa mtaani, ambao miaka yote wamekuwa wakimwaga makaa yaliyozimwa kwenye mchaichai wangu pale kichochoroni, nao wameacha. Nilikuwa nimewatukana sana watoto wale.

Basi, naota niko jikoni natafuna karoti. Karoti inasema, "Taratibu."

"Samahani," nasema.

"Hapana, tafuna tu. Ila taratibu. Mimi nimekaa chini ya udongo gizani muda wote ule bila kulalamika, wewe unanimaliza kama unakimbizwa."

Niliona ina haki. Mimi nisingeweza kukaa gizani hata nusu saa bila kumpigia mtu simu. Nikatafuna taratibu, nayo ikanishukuru mpaka ilipokwisha.

Mlango ukafunguliwa, akaingia kabichi. Urefu wake ulikuwa wa kabati la nguo. Alikuwa amevaa nguo juu ya nguo juu ya nguo, zote za kijani, zimekunjwa vizuri, na kwa joto hili la Tanga hakutoka hata tone la jasho. Jamani, nimehudhuria harusi nyingi, sijawahi kuona mtu aliyevaa kwa heshima namna ile.

"Wewe ndiye uliyeacha moto?" akauliza.

"Ndiyo mimi."

"Umeuacha wote, au wa jikoni tu?"

Swali sikulielewa, lakini mbele ya mtu aliyevaa vile huwezi kusema hujaelewa. "Wote," nikajibu.

"Hongera sana. Basi vyote vilivyopita motoni vitoke."

Chungu kinatoka kwanza. Kinanipa mkono, kinasema tumekaa vizuri. Vikombe vinafuata. Kisha matofali ya ukutani, kwa kuwa yalichomwa tanuruni, yanashuka moja moja na kupanga foleni mlangoni, kila moja linasema "samahani, mama, naomba nipite." Nyumba inabaki imesimama bila ukuta, kwa mazoea tu. Hereni zangu zinaninong'oneza masikioni kwamba nazo ziliyeyushwa kwa sonara, hazina budi. Zinajifungua zenyewe. Kanga yangu peke yake ndiyo iliyonusurika, kwa sababu siku hizi sipigi pasi.

"Hivi ndivyo inavyokuwa?" nikauliza.

"Ulisema wote," alijibu kabichi. "Twende sokoni."

Tulikuwa tumeshafika. Lilikuwa soko letu lile lile, ila mboga ndizo zilizokuwa zinanunua. Watu tumepangwa mafungu juu ya magunia, wadogo chini, wanene juu ili fungu lipendeze. Mimi niliwekwa juu kabisa. Nilijisikia vizuri, nisifiche.

Muuzaji alikuwa nyanya, mama mmoja mwekundu mwenye sauti. Mteja akaja, bamia, amebeba kikapu. Hakusalimia. Alinishika kidole kidogo cha mwisho akakikunja ncha, kuona kama kitakatika.

"Hiki hakikatiki," akasema. "Hii imekomaa."

"Mbichi hiyo, mpenzi! Imeingia leo alfajiri!"

"Imekomaa. Haya, nachukua hili fungu dogo la vijana. Niongezee basi."

Nyanya akaninyanyua kutoka juu ya fungu langu akanitupia kwenye kikapu. Nimekuwa nyongeza! Mimi, mama mzima, niliyemwozesha binti! Lakini nilipotulia humo kikapuni nilimvulia kofia yule bamia. Alijua kuangalia mali, hakuyumbishwa na maneno ya muuzaji, na nyongeza aliiomba wakati ule ule ambao muuzaji hawezi kukataa. Mimi mwenyewe hununua hivyo hivyo, ila sikuwahi kujua kwamba kidole kinauma.

Chini kabisa humo kikapuni kulikuwa na baraza la hukumu, watu na mboga wamekaa kimya. Kabichi amekaa kwenye kiti cha mbele. Na mbele yake, na kanga yake ya kila siku, kigae mkononi, amesimama Bi. Mwanakheri.

Nilitaka kumwita, nikakumbuka kwamba mimi nimenuna.

"Mshtakiwa," alisema kabichi, "amekuwa akiingia kwa huyu mama kila asubuhi na kutoka na moto. Huyu mama ameacha moto wote. Kila kilichokuja kwa ajili ya moto kinatoka." Akaonyesha mlango wa mwisho, ule ambao matofali yangu yalikuwa bado yanapita kwa adabu. "Akishapita pale hamtajuana tena. Mtapishana barabarani kama watu wa miji tofauti."

"Sisi?" nikasema. "Ametufulia nguo wakati wa msiba wa Shekue! Tunajuana!"

"Mtaacha," alisema kabichi, bila ubaya wowote.

Nikasimama. "Basi nautaka moto. Nimeghairi. Nirudishieni chungu."

"Huwezi kughairi kwa niaba ya mwingine. Kesi ni yake." Akamgeukia. "Bi. Mwanakheri, ulikuwa unakwenda kuomba moto?"

"Ndiyo," alisema Bi. Mwanakheri.

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Hukuwa na jambo lingine?"

Akaniangalia mimi, kisha akatazama kigae chake. "Sikuwa na lingine. Ni moto tu."

Nikaanza kulia. Nililia kwa sauti, maana ukilia ndotoni huamshi majirani. Kumbe ni kweli, nikawaza, ni jiko tu. Naye alikuwa ameshageuka kuelekea mlangoni, anatembea bila haraka, kama anavyotembea siku zote akilinda kaa lisianguke, na kwenye kigae hakuna kaa.

Ndipo jiko langu likaingia. Lilikuja linachechemea, mguu mmoja umepinda tangu zamani, linakohoa majivu.

"Wewe huruhusiwi," alisema kabichi. "Umepita motoni."

"Mimi sijapita motoni," lilijibu jiko. "Moto ndio uliokuwa unapita kwangu."

Kabichi alifikiri. Akabandua jani moja, akaliweka kando. "Sema."

"Huyo mama amesema uongo."

Baraza zima likaguna. Bi. Mwanakheri akasimama pale pale mlangoni. "Nyamaza wewe," akaliambia jiko. "Nakuomba."

"Sinyamazi. Nimenyamaza miaka. Makaa yangu mimi nayajua, kila moja. Akitoka na kaa, anafika kichochoroni, analizima kwenye mfereji, analitupa kwenye mchaichai. Kisha anakwenda kwake anawasha kwa kiberiti. Kiberiti anacho. Anacho tangu siku ya kwanza. Kipo ndani ya kikombe cha bluu kisicho na mkono, juu ya rafu, nyuma ya kopo la majani ya chai."

"Sasa kwa nini alikuwa anakwenda?" aliuliza kabichi.

Jiko likakohoa. "Huyu mama alifiwa. Analala peke yake nyumba nzima. Mtu wa namna hiyo usipogonga mlango wake asubuhi, utajuaje kama ameamka? Na ukimwambia nimekuja kukuangalia kama umeamka, atakufukuza. Mnamwona alivyo na maneno."

Nikajifuta machozi kwa kanga.

"Angekubali kutolewa," jiko likaendelea, "kuliko kumwambia mbele za watu."

Kabichi alibandua jani. Akabandua lingine. Alibandua mpaka akabaki mdogo, wa ukubwa ule ninaonunua mimi, akalazimika kusimama juu ya kiti ili aonekane.

"Mshtakiwa hakwenda kwa ajili ya moto," akasema kwa sauti nyembamba. "Kwa hiyo hatolewi. Alikwenda kuona kama mtu yupo, na hilo halipikwi wala halichomwi, lipo kama lilivyo. Katika baraza hili sijawahi kuona kitu kibichi kuliko hicho. Naomba wote tusimame."

Tukasimama. Karoti, bamia, nyanya na ile sauti yake, wote wima. Hata matofali yalisimamisha foleni. Wakamwinamia Bi. Mwanakheri, naye akawa anahangaika na ncha ya kanga yake, hajui aangalie wapi, akasema, "Jamani kaeni, mtachoka."

"Baraza limefungwa," alisema kabichi. "Nipeni nguo zangu, nasikia baridi."

Nikaamka.

Alfajiri ilikuwa imeingia. Ukuta wangu upo, hereni zipo. Nilikaa kitandani kidogo nikijiambia, Mama Nasra, hiyo ni njaa, kula ndizi uache mambo. Nikala ndizi. Haikusaidia. Nikatoka uani nikaliangalia jiko. Lilikuwa kifudifudi vile vile, kimya, mguu umepinda.

Nikaokota kigae nyuma ya pipa, nikajifunga kanga, nikapita kichochoroni. Kwenye mchaichai nilisimama nikachutama. Makaa ya zamani yalikuwa yamejaa pale, madogo madogo, meusi, yameota majani juu yake. Watoto wa watu nimewatukana bure.

"Hodi!"

Bi. Mwanakheri alifungua haraka kuliko nilivyotegemea, kama mtu aliyekuwa nyuma ya mlango. "Mama Nasra! Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Nimekuja kuomba moto."

Aliangalia kigae changu. "Si umeacha kupika?"

"Nimeacha."

"Sasa moto wa nini?"

"Wewe nipe tu."

"Bado sijawasha," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona anababaika. "Nilikuwa... nilikuwa nafikiri nitoke nikatafute kwa watu."

Nikapita pembeni yake nikaingia, maana hapo kwake sijawahi kungoja kukaribishwa. Kwenye rafu kulikuwa na kopo la majani ya chai. Nikalisogeza. Nyuma yake kilikuwepo kikombe cha bluu, hakina mkono. Ndani yake kiberiti, kikavu, kimebaki nusu.

Nikakishika pale mkononi. Yeye akasimama, ameshika kilemba chake, anatazama sakafu.

"Nani amekwambia?" aliuliza mwishowe.

"Jiko."

"Jiko lako lina mdomo," akasema.

Tukacheka, kisha mimi nikalia kidogo, kisha akaniambia niache upuuzi, nikae nimenye karoti niliyokuja nayo kwenye pindo la kanga. Tuliigawana. Yeye hapendi karoti, lakini aliimaliza. Nilipokuwa naondoka nikamrudishia kiberiti chake kwenye kikombe, nikasimama mlangoni.

"Kesho uje kwangu asubuhi," nikamwambia.

"Nije kuomba nini, na wewe hupiki?"

"Njoo uombe chumvi."

"Chumvi ninayo, Mama Nasra."

"Najua," nikasema.