Kivuli cha Omwenga Kwenye Benchi

Mjinga wa siku ile alikuwa Omwenga mwenyewe, na hata yeye hakuwa na la kujitetea. Ilikuwa mwaka 1968. Alikuwa ameketi na mkewe Orpah kwenye benchi la hospitali mjini Kisii, walikokwenda kutafuta dawa ya kupata mtoto, suruali imepigwa pasi ikanyooka kama rula, akiwachekesha wagonjwa kama kawaida yake. Sista akatoka, akamwita kando, akamkabidhi kichupa chenye mdomo mpana na kumweleza kwa sauti ya chini kinachotakiwa kuwekwa humo.

Omwenga akakitazama kichupa. Akakumbuka alipokuwa kijana kwenye mashamba ya chai ya Kericho, akaugua matumbwitumbwi. Mashavu yakapona, uvimbe ukashuka chini ya mkanda, ulikoshuka. Hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata Orpah.

"Sista," akasema, "hebu nikaangalie baiskeli yangu kwanza. Mji huu una wezi."

Akaipanda baiskeli, huyoo, mpaka kwao Marani. Kivuli chake hakikwenda. Kilibaki kwenye benchi karibu na dirisha, mikono juu ya magoti, kikingoja kuitwa.

Orpah alirudi jioni kwa miguu, akamkuta mumewe anakula ndizi za kuchemsha.

"Umesahau kivuli chako," akamwambia.

"Kitarudi tu. Kitalala wapi?"

"Sista amekipa blanketi."

Marani ilizoea upesi. Omwenga alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Abner, na tangu akose kivuli kazi yake ikawa nzuri zaidi, kwa sababu kichwa chake hakikutia tena giza kwenye kitambaa. Wazazi waliokuwa wakishonesha sare za shule kwingine wakaanza kuja kwake.

"Fundi," Abner alimchokoza, "hicho kivuli umekiuza au umekiweka rehani?"

"Nimekipa likizo. Kimenifuata tangu utotoni bila hata siku moja ya kupumzika!"

Baraza nzima ikacheka. Omwenga naye akacheka, kisha akainama na kufumua mshono uliokuwa umepinda wakati akicheka.

Orpah aliendelea kwenda Kisii. Alimeza vidonge vilivyomtia kichefuchefu, akadungwa sindano zilizomfanya alale kifudifudi. Safari moja walimpuliza hewa ndani kuangalia kama mirija ya uzazi ilikuwa imeziba. Haikuwa imeziba. Hewa ile ikampanda mwilini, na njia nzima alirudi ameshika bega. Omwenga alimwona anafua kwa mkono mmoja. Alitaka kumwuliza ni bega lipi linalouma. Akamwuliza kama chumvi ipo.

Akiingoja zamu yake, Orpah alikaa kando ya kivuli cha mumewe. Alikiwekea kiazi kitamu kwenye jani la mgomba, na baadaye akakila mwenyewe. Siku za jua kali, dirisha lilipochoma benchi zima, akina mama wenye watoto wa homa waligundua kwamba pale penye kivuli cha Omwenga pana ubaridi mzuri. Wakawa wanawalaza watoto humo. Mtoto aliyelia tangu Nyamira akifikishwa hapo alinyamaza, akalala. Kivuli hakikusogea, kisije kikamwamsha.

Orpah alimsimulia mumewe hayo siku moja wakichuma mboga nyuma ya nyumba.

"Wanalala vizuri?" Omwenga akauliza.

"Wanakoroma."

Omwenga akageuka upande wa migomba, akakaa huko muda mrefu kuliko mboga zilivyohitaji.

Mwishowe daktari akamwambia Orpah, "Mama, kwako hatuna tena la kutibu. Tuletee mwenye hiki kivuli." Orpah akaufikisha ujumbe ule neno kwa neno. Omwenga akasema wiki ijayo, kwa kuwa shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Wiki ijayo akasema mvua. Iliyofuata akatoka alfajiri kwenda kushona, na Orpah hakumkumbusha. Vidonge vilivyobaki akavimwaga chooni, akapanda pareto pale alipokuwa amepaacha kwa ajili ya mtoto kuchezea.

Mama yake Omwenga, Nyanchera, naye hakukaa kimya. Alimwita Machogu, ndugu mdogo wa marehemu mumewe, wakakaa kikao nyumbani kwa Omwenga, juani.

"Hospitali imeshindwa," Nyanchera akasema. "Huyu Orpah ni mgumba. Kanisa litanuna kidogo, kisha litasahau. Kuna msichana kule Mosocho, anaitwa Mong'ina, mkulima kweli kweli. Ng'ombe wa mahari wametoka asubuhi. Saa hizi wako njiani."

"Una neno, kijana?" Machogu akamwuliza.

Hapo ndipo palikuwa pake. Neno lilikuwa moja, fupi, na alilijua: mimi. Kwenye ua ule kulikuwa na vivuli vitatu, viwili vya wazee na cha mbwa, na vyote vilikuwa vimemwelekea yeye. Omwenga akafungua mdomo.

"Baba mdogo," akasema, "mimi ni fundi. Nikipewa kitambaa, nashona."

Wakacheka mpaka Machogu akafuta machozi. Omwenga alicheka kidogo tu.

Orpah akatoka jikoni na ugali wa wimbi, akauweka mbele yao. Hakuondoka.

"Usikasirike, mwanangu," Nyanchera akamwambia. "Hakuna anayekufukuza. Nyumba yako ni yako."

"Sijakasirika, mama."

"Basi mbona umesimama hivyo?" Omwenga akadakia, maana kule kusimama kulikuwa kunamchoma. "Sema kweli, Orpah, mbele ya wazee. Si ni mimi niliyekupeleka hospitali? Wanaume wengine wangekurudisha kwenu zamani. Mimi si nilikaa na wewe miaka yote hii?"

Orpah akamgeukia mama mkwe wake.

"Mama, watumieni watu wa Mosocho habari. Mong'ina asihangaike kuja huku. Ashukie Kisii, aingie hospitali, awaombe wale akina mama wa kwenye benchi wawainue watoto wao pole pole. Mume wake yuko hapo chini."