Majina Matatu Hewani

...watatu tu, amesema, watatu, kana kwamba mtu ana watu watatu duniani, na mimi hapa nimeandika kumi na tisa nyuma ya kalenda ya mwaka jana, nimewapanga kuanzia Ujiji mpaka Mwandiga nisimkose mtu, halafu Oswald mtangazaji ananiambia, Mama Mawese wa Rusimbi, usikate simu, kuna mmoja mbele yako, ila leo muda umetubana, majina matatu na wimbo mmoja, sawa mama? nikasema sawa mwanangu, ningesema nini, akanirudisha kwenye foleni, sasa nimebaki na tangazo la magodoro sikioni, simu nimeibana begani, mwiko mkononi, samaki wangu, migebuka wawili, kikaangoni wananitazama... lakini nashukuru, alhamdulillahi, wenzangu wanapiga kuanzia saa tisa hawapati, mimi leo imeita mara mbili ikapokelewa, na kipindi cha salamu kwetu si mchezo, saa kumi ikifika mtaa mzima redio zinawashwa, hata hawa vijana wanaosema salamu za redioni ni mambo ya kizamani, watajwe uone, wanatoka nje wanacheka meno yote. Na mgebuka wangu ninaye, nani kama mimi, watu wanasifu kuhe, wanasifu sangala, mgeni akishuka kwenye treni kazi yake kutafuta dagaa wa kubeba, mimi nipe mgebuka wa leo leo, mawese ya moto, ugali wa muhogo, pilipili moja, nimemaliza, sidai kitu... mama alikuwa hivyo hivyo, Bi Saumu, Mungu amrehemu, akila mgebuka haongei na mtu.

Watatu. Luqman lazima, mwanangu yuko chuo Dodoma, redio ya huku haisikii lakini nikimwacha roho itaniuma, wa pili dada yangu Hasna wa Ujiji, huyo asipotajwa siku hiyo hapiki, wa tatu... wa tatu anatwanga sombe, kisamvu chetu, hapo nyuma ya uzio, du, du, du, namsikia, na redio yake naisikia, anasikiliza hiki hiki, na jina lake kwenye kalenda yangu lipo, nimeliandika la kumi na tisa, la mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, nimelipitisha mlango wa uani, Winfrida... aibu ni yangu mwenyewe. Maana nilimruka. Si kwamba nilisahau, nisijidanganye mbele ya samaki, nilimruka kwa makusudi, mwaka jana mwezi wa tano, nikaingia hewani nikataja safu yetu yote, Mama Agnesi, mzee Leodgar na mkewe, fundi Alphonce, nyumba ya kushoto kwa Winfrida nikaitaja, ya kulia nikaitaja, yake nikaipita, na Oswald kwa wema wake akauliza, umemaliza mama, hakuna uliyemsahau? nikasema hakuna. Hakuna! Kwa sauti hii hii. Mtaa mzima ukasikia, mchi wake nao ukanyamaza, nakumbuka, jioni ile hakutwanga tena. Na kwa ajili ya nini, tamthilia jamani, tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili, kwake ndiko kwenye king'amuzi, kila jioni nabeba karanga zangu naenda, miezi sita tunalia pamoja, yeye Mkatoliki wa kwaya anamlaani yule mama mkwe kuliko mimi, halafu zimebaki sehemu tatu iishe ananiambia huku anamenya ndizi, huyu bwana harusi atakufa, mwanangu Esther kaona mwisho wake kwenye simu... nikabeba karanga zangu. Sikurudi. Mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, mwenye mtoto chuo, nimenuna kwa kifo cha Mturuki ambaye hata hakufa, nimeambiwa baadaye, aliamka hospitalini akaoa!

Miezi kumi na moja hiyo. Tukikutana bombani, salamu tu, mwakeye, mwakeye, basi, kila mtu na ndoo yake... ah, tangazo limekwisha, huyo wa mbele yangu yuko hewani, Eliakimu wa Mwandiga, anasema wa kwanza ni familia yote ya mzee Pastory, mjanja huyo, familia nzima anaihesabu mtu mmoja, Oswald anacheka, haya bwana, wa pili... na mimi ningeweza hivyo, nikasema majirani wote wa Rusimbi, Winfrida naye angekuwemo humo ndani, nisingelazimika kumtaja... loh, Asia, unatafuta pa kujificha tena. Ofisini yeye hakujificha. Hilo ndilo. Mwezi wa pili nilipoitwa kuhusu kitambulisho cha taifa, maana sisi wa huku tunajua, ukisema Mmanyema kalamu inawekwa mezani, babu yako alizaliwa wapi, bibi yake babu yako alizikwa wapi, nyumbani mnaongea lugha gani, na mji wenyewe huu nusu yetu wazee wetu walivuka maji kabla mpaka haujachorwa, nimezaliwa hapa, nimepiga kura hapa tangu usichana wangu, nikakaa kwenye kiti cha plastiki kama mwizi, najibu kijana sawa na Luqman, naye simlaumu, kazi aliyotumwa, lakini inauma jamani, inauma kuulizwa wewe ni wa nani kwenye mji uliomzika mama yako. Na bila namba yangu ya kitambulisho fomu za chuo za Luqman zilikuwa zimekwama, mtoto anapiga simu kila siku, mama imekuwaje, mama imekuwaje. Na mashahidi wangu, wote wawili nimewasalimia redioni mwaka nenda mwaka rudi, kwa majina na sifa, mmoja akapata udhuru, wa pili simu yake ikawa haipatikani mpaka leo, nikabaki peke yangu, kijana anaangalia saa, na mlango ukasukumwa na nani... Winfrida, na kitenge chake cha kanisani, hakunitazama hata kidogo, sijui nani alimwambia, akasimama mbele ya meza akasema, mwanangu, andika, huyu ni Asia binti Saumu, mama yangu alipokufa mama yake ndiye aliyenichukua, miaka minne nimekunywa uji kikombe kimoja na huyu, yeye akiitwa Mwana wa Kwanza, mie naitwa Mwana wa Pili, kama huyu si wa hapa basi na mie nifute. Na mie nifute! Kijana akaandika. Nikamkimbilia nje, Mama Esther, ahsante, Mungu akulipe, akajibu bila kusimama, nimesema ukweli, Mama Luqman, sijasema tumepatana.

Na alikuwa na haki, maana aliyemruka kamruka mbele ya watu wote, akamshukuru pembeni ya barabara, hiyo shukrani gani... kitambulisho kimetoka juzi, kiko kabatini chini ya vikombe vya wageni, kila nikipita nakitazama, fomu za Luqman zimekwenda, nikasema leo napiga redio namshukuru, halafu mkono ukaenda ukaandika watu kumi na wanane mbele yake, ili likija jina lake mtu awe ameshachoka kusikiliza. Oswald, mwanangu, Mungu akuzidishie, wewe na watatu wako, umeninyang'anya kichaka. Luqman atanielewa, Hasna atanuna siku mbili, kununa tumerithi, nitampelekea mgebuka. Na wimbo... kila mara naomba tarabu, mimi na tarabu tumetoka mbali, leo sitaki, leo nataka kwaya, ile ambayo Winfrida huimba akifua mpaka anafumba macho, watasema Mama Mawese kabadili dini, waseme... mbona kimya? Mchi umenyamaza. Du, du haipo. Anajua niko kwenye foleni, Oswald alitaja jina langu hewani, amekaa hapo nyuma ya uzio anasubiri kuona kama nitaipita tena nyumba yake, ee Mungu, namgeuza samaki aliyekwisha geuzwa... Mama Mawese, bado upo? Nipo, mwanangu, nipo. Subiri kidogo tu mama, tangazo moja... haya, magodoro tena, laini, imara, nayajua kwa moyo sasa, sihami, nasubiri, wa kwanza Winfrida wa Rusimbi, wa pili Mama Esther, wa tatu Mwana wa Pili wa Bi Saumu, watatu wamekamilika, na Oswald akiniuliza tena kama kuna niliyemsahau mwaka jana, nitamwambia hapana mwanangu, sikumsahau, nilimruka, na sasa namwomba radhi...