Jina Lililofutika Mkiani

"Asli!" kafili, tajiri wao wa Kiarabu, alirudia, akipigapiga mkia wa gari kwa kiganja. "Asli!"

Safari hii kompresa ilikuwa imezimwa, na Vuai alilisikia neno sawasawa. Alitamani sakafu ya gereji immeze. Jana, kompresa ikinguruma, alisikia "ghasil", yaani osha, akamgeukia mwenzake Kioko na kumwambia bila wasiwasi, "Tajiri anataka hapa nyuma pasuguliwe mpaka pang'ae." Kumbe mwenyewe alikuwa akisema pale ni pa asili, pasiguswe. Asli, asili. Hata bibi yake wa Makunduchi asingelikosea.

Gari lenyewe lilikuwa Citroën ya mwaka 1924, kadogo, ka manjano, viti vitatu, cha tatu kimejibanza nyuma peke yake kama mgeni asiyealikwa. Kati ya magari yote ya jumba lile la Al Wukair, huko Qatar, hilo ndilo kafili alilolipenda. Mkiani palikuwa na jina la muoka mikate wa Ufaransa, mwenye gari wa kwanza, lililoandikwa kwa brashi na kufifia. Kioko alilisugua kwa dawa asubuhi nzima. Sasa palimeta vizuri sana, na jina halipo.

Kafili alimnyooshea Kioko kidole, kisha akaonyesha geti.

"Ustadhi, anasema nini?" Kioko aliuliza. Wote walimwita Vuai Ustadhi, maana siku ya kwanza alijigamba kwamba Kiarabu anakijua tangu chuoni, alikosoma Kurani. Alichokuwa nacho ni sura za kuhifadhi na salamu. "Mwambie nilifanya tu vile uliniambia. Asinifute bana, niko na watoto."

"Samahani," Vuai alimwambia kafili, neno ambalo Mwarabu naye hulielewa.

Uso wa kafili ukalegea kidogo. Akamwekea Vuai mkono begani, akidhani anamwombea mwenzake. Lakini kidole kilibaki kwenye geti.

"Asante, ndugu yangu. Umejaribu kunitetea," Kioko alisema, akaanza kuvua glavu.

Shukrani ile ilimchoma Vuai kuliko tusi. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akatafuta maneno ya kueleza yote, hakuyapata. Neno la Kiarabu la "mimi" tu ndilo alilokuwa na hakika nalo. Akaweka kiganja kifuani.

"Ana," alisema. Akarudia kwa nguvu. "Ana."

Mkono wa kafili ukatoka begani.

Kioko alisimama na glavu moja mkononi, akingoja sentensi iishe.

"Ana nini?" aliuliza.