Fisi Hawakuja

Mwaka uliofuata baada ya nzige, Sakaya alipata kazi ya kuua fisi.

Mzungu aliyempa kazi hiyo alikuwa na shamba la ng'ombe upande wa magharibi wa Mlima Meru, chini kabisa, mahali ambapo migomba inaishia na nyika inaanza. Watu walimwita Bwana Mluzi, kwa sababu alipiga mluzi saa zote, hata alipoinama kuangalia ndama wake walioraruliwa. Alileta kopo la unga mweupe kutoka mjini, akamwonyesha Sakaya jinsi ya kupasua kipande cha nyama, kutia unga kwa ncha ya kijiti, kukifumba tena na kukiacha kando ya korongo. Akamwonya asijilambe vidole.

Sakaya alikuwa Mwarusha wa Ngaramtoni, mtu mpole, baba wa mtoto mmoja mdogo. Nzige walikuwa wamemlia shamba, na ukame ulikuwa unammalizia mifugo. Aliikubali kazi. Nyumbani alisema anatengeneza uzio wa Mzungu. Watu wote walijua sumu ni ya Bwana Mluzi, ila walidhani inaua fisi wa shambani kwake tu. Mkono ulioitawanya hawakuujua.

Fisi walikufa kwanza. Walikufa vibaya, migongo imepinda kinyumenyume kama upinde, miguu imekakamaa, meno nje. Wakafuata mbweha waliokula mizoga ya fisi. Kisha tai walioshukia mizoga ya fisi na ya mbweha. Walidondoka kutoka juu ya migunga, mabawa wazi, kama nguo zilizoanguka kwenye kamba. Hata mbwa wa Bwana Mluzi alifia barazani. Bwana alimzika mwenyewe, na kwa siku kadhaa hakupiga mluzi. Kisha kopo jingine likaja.

Baada ya hapo nyika ilinyamaza. Ukame uliendelea kuua swala, punda milia na ng'ombe, lakini sasa hapakuwa na wa kuwala. Mizoga ilivimba juani, ikapasuka, ikachuruzika hadi kwenye kijito. Nzi walijaa mpaka wanawake wakawa wanakamua maziwa huku wamejifunika nyuso. Kunguru tu ndio waliobaki, kwa kuwa kunguru ni mjanja: hudonoa kidogo, huonja, akishuku huangusha na kuruka.

Sifael, mke wa Sakaya, alikuwa Mmeru wa Nkoaranga, Mlutheri tangu kwa wazazi wake. Aliona mumewe akirudi kazini na kujisugua mikono kwa majivu kabla ya kumgusa mtoto. Aliona, hakuuliza.

Aliyeuliza ni mama mkwe wake. Nyumba nzima ilimwita Yeyo, yaani mama, kama Waarusha wanavyoita. Alikuwa kikongwe mwembamba, mwenye maneno makali na kicheko cha haraka.

"Fisi wako wapi?" aliuliza asubuhi moja, akiota jua mlangoni.

"Wamehama, Yeyo," Sakaya alijibu.

"Wamehamia wapi? Fisi hahami kwenye njaa, fisi huhamia kwenye njaa. Mimi nimezeeka. Nani atanichukua?"

"Sisi tupo," Sifael alisema. "Siku ikifika tutakuzika vizuri, na mchungaji ataomba."

"Mnizike? Mimi ni kiazi?" Yeyo alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Sikiliza, mwanangu. Maisha yangu yote nimekula ng'ombe, na ng'ombe wamekula majani ya Mungu wetu, Engai. Mimi nani, nikatae kuliwa? Mtanilaza porini kama mama yangu alivyolazwa. Fisi wakimchukua mtu mapema, watu husema alikuwa mwema. Basi."

Sakaya aliinuka akaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

Haukupita muda mrefu. Alasiri moja alirudi kutoka korongoni akamkuta Yeyo amekaa kando ya moto, kibuyu mkononi, anafuta midomo. Chungu cha supu kilikuwa kinafuka, na ndani yake yalielea yale magome machungu ambayo wazee huyachemsha na nyama ili yawape nguvu za miguu.

"Umechelewa," Yeyo alimwambia. "Leo Engai ametukumbuka. Kunguru ameangusha nyama hapo penye miiba. Kipande kizuri, hakina hata funza. Nimekiosha, nimekipika. Sifael hataki, anasema nyama ya kuokota ni haramu kwao. Shauri yake."

Sakaya alisimama. Alitazama ndani ya chungu, akaona kipande kilichobaki, kimepasuliwa katikati kwa kisu na kufumbwa.

"Umekula?"

"Nimekula na kunywa. Ni chungu sana leo, lakini dawa ndivyo ilivyo. Mbona unanitazama hivyo?"

Alichukua chungu akakimwaga motoni. Akamshika mama yake, akamnywesha samli kwa nguvu ili atapike, akamtia vidole kooni. Yeyo alimpigapiga mgongoni kwa ngumi zake ndogo, akidhani mwanawe ameingiwa na wazimu. Sifael alikuja mbio na mtoto kiunoni. Alipomwona mumewe, aliona kitu kimoja kilichomtisha kuliko kelele zote: mikono yake ilikuwa inajua la kufanya.

"Umejuaje?" alimwuliza. "Sakaya! Umejuaje?"

Yeyo alianza kusema shingo inamkaza. Kisha mgongo ukaanza kupinda. Alikufa kabla jua halijagusa mlima, meno nje, macho wazi, akimtazama mwanawe mpaka mwisho. Iliwachukua muda mrefu wawili hao kumnyoosha, na hata walipomaliza hakunyooka sawasawa.

Kaka wa marehemu, mzee Simel, alikuja kutoka Oldonyo Sambu. Kwa Sakaya alikuwa mjomba, na kwa mila neno lake juu ya dada yake ndilo la mwisho. Alimtazama marehemu.

"Amekufa na nini?"

"Shingo ilimkaza," Sakaya alisema. "Ghafla."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo. Sifael alimtazama mumewe, kisha akainamisha macho.

Wakampaka Yeyo mafuta, wakamvisha viatu vipya vya ngozi, wakamshika wao wawili, mwana na mjomba, wakamlaza kwenye vichaka upande wa magharibi wa boma, akiwa amekunja miguu kama mtu aliyelala. Wakaondoka bila kugeuka nyuma, kama inavyotakiwa. Njia nzima Sakaya aliyameza maneno yaliyomjia.

Asubuhi iliyofuata Yeyo alikuwapo. Viatu vyake vilikuwa vipya vilevile. Hakuna hata unyayo mmoja mavumbini.

Siku ya pili alikuwapo. Simel akaagiza achinjwe dume karibu na pale, ili harufu ya damu iwaite fisi. Wakachinja. Damu ikakauka, nyama ikageuka rangi, dume likavimba kama mizoga mingine ya korongoni, na kando yake Yeyo akaendelea kulala, uso ukibadilika kila jua lilipochomoza.

Ndipo minong'ono ilipoanza. Wanawake waliokuwa wakikaa naye sokoni Ngaramtoni walikumbuka kwamba aliwahi kumsifu mtoto wa mtu, na mtoto akaugua. Mwingine alikumbuka jicho lake. Mtu anayekataliwa na fisi, walisema, ana jambo. Watu wa boma la jirani wakaacha kuja kuomba moto.

"Tumzike," Sifael alimwambia mumewe. "Nakuomba. Si kwa ajili ya dini yangu. Kwa ajili ya macho yake tu, yafunikwe."

Simel alisikia. "Ukimfukia sasa," alisema, "umewaambia watu wote kwamba dada yangu alikuwa mchawi na ardhi imelazimishwa kumpokea. Tutangoja."

Wakangoja. Kila siku Sakaya alikwenda kukaa juu ya jiwe lililokuwa mbali kidogo na vichaka, akitazama. Alijiambia kwamba anamlinda mama yake. Hakukuwa na wa kumlinda naye. Anga lilikuwa tupu, bila tai hata mmoja. Nyika ilikuwa tupu. Hata upepo ulikuja ukiwa na harufu tu. Wakati mwingine alisikia kicheko cha fisi, kifupi, nyuma ya kisogo chake. Aligeuka. Hapakuwa na kitu. Aliporudisha macho kichakani, ilimjia kwamba Yeyo amesogea kidogo, kwamba mgongo ule waliounyoosha kwa shida unarudi kupinda wenyewe. Alishuka kuhakikisha, akashindwa kukaribia, akarudi kwenye jiwe. Nyumbani hakula. Mtoto alipomnyooshea mikono, aliificha yake kwapani.

Alasiri moja, jua likiwa bado kali, fisi alikuja.

Alikuwa jike, amekonda mbavu zinahesabika, anachechemea mguu wa nyuma. Matiti yake yalikuwa yameshuka; mahali fulani kulikuwa na watoto. Alitokea upande wa mlimani, labda kutoka msituni ambako sumu haikufika, akasimama na kunusa. Alilipita dume lililooza bila kulijali. Akaenda moja kwa moja kwa Yeyo.

Sakaya alisimama. Moyo ulimpiga kwa furaha, na furaha ile ilimtia hofu. Hiki ndicho alichokiomba mama yake. Kinywa kimoja tu, na minong'ono ingekwisha, na jina lake lingekuwa safi toka Ngaramtoni hadi Oldonyo Sambu. Fisi aliinamisha kichwa. Sakaya akaona, wazi kabisa kama ilivyokuwa mara nyingi korongoni, jinsi ambavyo mgongo wa mnyama huyo ungepinda, na watoto wake wangengoja, na kitakachomla yeye nacho kingekufa. Mama yake amelazwa pale kama chambo. Kipande cha mwisho cha nyama, na aliyekiweka ni yeye.

Alipiga kelele. Alikimbia mteremkoni akirusha mawe. Fisi aliruka nyuma, akasita kwa njaa, akarudi hatua chache. Sakaya akaokota fimbo akamwendea, analia kwa sauti, mpaka yule mnyama akageuka na kuchechemea kuelekea mlimani, akitazama nyuma.

Alipogeuka, Simel alikuwa amesimama njiani pamoja na wazee wawili wa boma. Walikuwa wameona yote.

"Unamfukuza fisi wa mama yako?" Simel aliuliza kwa sauti ndogo. "Tumemwomba aje, amekuja, nawe unampiga mawe?"

"Mama ana sumu," Sakaya alisema.

"Nini?"

"Ana sumu mwilini. Ni ile ya korongoni. Mimi ndiye niliyekuwa naitia kwenye nyama. Kunguru akabeba kipande, akakiangusha nyumbani kwetu, Yeyo akapika supu. Fisi hawakumkataa, mjomba. Hawapo. Nimewaua mimi. Na huyu angemla naye angekufa."

Nzi walivuma. Simel hakumpiga wala hakumlaani. Alivua shuka lake, akawa amebaki na kaptula iliyochakaa, akamsogelea dada yake akamfunika uso na mabega.

"Leteni majembe," aliwaambia wale wazee.

Walichimba hadi giza lilipokaribia, na Sifael alichimba pamoja nao ingawa si kazi ya wanawake. Kaburi likawa refu kwenda chini, na juu yake wakapanga mawe makubwa ili mnyama yeyote asilifikie. Sifael aliomba kwa Kimeru. Simel alisimama kando akitema mate ya baraka juu ya mawe. Hakuna aliyemzuia mwenzake.

Wazee walimtoza Sakaya mifugo kwa ajili ya ndugu wa mama yake, wakamtakasa kwa kondoo. Wanawake wa sokoni walinyamaza, ingawa hakuna aliyerudi kuomba radhi. Yeye alirudisha kopo kwa Bwana Mluzi, akaliweka barazani na kuondoka. Bwana akamchukua mtu mwingine, aitwaye Ephraimu. Sakaya alimwendea akamweleza yote.

"Nina watoto wanne na shamba halina kitu," Ephraimu alisema. "Wewe ulipoambiwa usijilambe vidole, uliacha kazi?"

Tangu siku hiyo Sakaya aliamka mapema, akalifuata korongo, akaokota vipande vya nyama ambavyo Ephraimu alikuwa ameviweka, akavifukia mbali. Ephraimu alijua, akajifanya hajui. Hatimaye ng'ombe wa Bwana Mluzi, waliokuwa wakinywa kwenye kijito kile kilichojaa mizoga, wakaanza kufa wengi kuliko waliowahi kuliwa na fisi, naye akauza shamba akaenda zake.

Lakini yule fisi jike aliendelea kuja. Nyayo zake, tatu nzito na moja nyepesi, zilizunguka kaburi la Yeyo asubuhi nyingi. Alikuwa akikwaruza mawe, akishindwa, akilala kando yake hadi ardhi ikaacha alama ya ubavu wake. Waliopita walisema ni Yeyo mwenyewe anazunguka, anadai kilichozuiwa. Sakaya hakubishana nao. Alikwenda kila mara kuongeza mawe, na kila alipoweka jiwe alisema, "Bado, Yeyo. Bado."

Mvua zilirudi. Majani yakaota, swala wakashuka, na msimu mwingine ukapita. Kisha asubuhi moja Simel akiwa amekuja kuwatembelea, Sifael alitoka zizini akasema ndama mweusi hayupo. Mlango wa miiba umevutwa, na kuna damu inayoelekea mlimani, na nyayo nyingi za fisi, kubwa na ndogo.

Simel alimtazama mpwa wake, akingoja achukue mkuki. Sakaya alikwenda hadi penye damu, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya unyayo mdogo kuliko yote. Kisha akaanza kulia mbele ya watu, jambo ambalo hakulifanya siku ya msiba, na hakuna aliyemwuliza kama analilia ndama.