Kimono Yenye Mama Alishona Mbele

Banaume ba club yetu ya judo, huku Bulengera mu muji ya Butembo, banavaa kimono kama bafalme. Kifua wazi, hapana kitu ndani, mukanda unaning'inia. Mazoezi ikiisha banapanda pikipiki vile vile, Butembo yote ibaone. Sisi banamuke tunavaa tisheti nyeupe ndani, na tukitoka tunafunga kikwembe juu ya pantalo, ile suruali ya kimono, mbio mbio, kama wezi. Ile jambo inanikasirishaka, nasema wazi.

Mama yangu, Emérence, ni fundi wa nguo, na kanisa yetu haipendi pantalo ku mwili ya mwanamuke. Miaka ine alifanya kama haoni. Halafu nikamuambia naenda Beni kupasi mutihani ya mukanda mweusi. Bila ule mukanda singeruhusiwa kufundisha, na bazazi ba batoto banamuke kumi na mumoja ba club bangebarudisha nyumbani, juu hapana mwanaume mwenye bangemukubali abafundishe.

Mama alisimamisha mashine yake ya kushona. Kisha akasema: "Kifua yako hapana mutu ataiona. Apa."

"Mais Mama, niko na tisheti!"

"Tisheti ikilowana jasho inaonyesha yote. Apa, Tamar."

Nikaapa. Akachukua kimono, akaifua, akaipiga pasi, akaitia mu mufuko. Sikuiangalia. Tulisafiri pamoja naye, juu alitaka kuona na macho yake kama nitashika neno.

Kule Beni, mu chumba ya kuvalia, kimono ikakataa kufunguka. Ee Mungu wangu! Mama alikuwa ameishona mbele, toka kifua mpaka kiuno, uzi mara mbili. Na aliifunga kama blauzi ya mwanamuke, upande wa kuume juu. Nikaipitisha ku kichwa kama tirikoti ya baridi, nikatoka. Luc, mwenye nilipaswa kupigana naye, alicheka mpaka akakaa chini.

Maître Abdias, mwenye kutupima, hakucheka. "Tamar, kushoto ndiyo inakaa juu, mwanaume na mwanamuke sawasawa. Kule Japani, kuume juu ni vile banavalisha maiti. Fungua hiyo ao urudi Butembo."

Nilisimama pale na kiapo yangu. Nilimukasirikia Mama kabisa, na nikasikia haya juu ya ile kasirani.

"Amesema nini? Maiti?" Mama alishaamuka ku benchi. Akaingia mpaka katikati ya tatami, ule mukeka wa kupigania, na biatu yake ku miguu.

"Mama, biatu!" Maître akapiga kelele. Mama hakumusikia.

"Ni kweli, Mama," nikasema. "Kule banavalisha maiti hivi."

Uso wake ukabadilika. Miaka mbili mbele ya ile siku, mu hii hii muji ya Beni, alikuwa amevalisha kaka yangu Timothée, mwenye baliua ku barabara ya Eringeti. Alimufunga vifungo peke yake, juu sisi wengine tulishindwa kumugusa.

Akatoa wembe mu pochi, akaanza kukata uzi toka chini kuja juu. "Nilitaka kukuficha tu," akasema. "Hapana kukuvalisha vile. Hapana weye pia."

"Najua, Mama."

"Na kiapo nakufungulia." Akaleta kushoto juu ya kuume. "Ni hivi?"

"Ni hivi."

Akafunga mukanda vile banafunga mutoto ku mugongo. Maître alinyoosha mukono aurekebishe. Mama akamuangalia, ule mukono ukarudi.

Nilipasi, sitaficha. Mais Luc aliniangusha mara mbili, na nguvu, mugongo wangu ukapiga chini na pumzi ikakatika. Kola ikafunguka, tisheti ikaonekana, ikiwa imelowana jasho vile vile alivyosema. Mama hakuangalia tisheti. Mara zote mbili alilia, sauti yake ikapita ya bote: "Amuka! Mutoto yangu, amuka!"

Na mi niliamuka.