Onja Kwanza

Otilia aliijua Sumbawanga vizuri mno, ndiyo maana hakuiamini. Mgeni wa mara moja kwa mwaka hushangaa maghorofa na taa za barabarani, lakini yeye aliyekuja kutoka Laela karibu kila mwezi alishamaliza kushangaa zamani, akabakia kuchunguza. Aliwajua wapiga debe wa stendi wanaokuuliza unakwenda wapi wakati ndiyo kwanza unashuka. Alimjua mama lishe anayeongeza maji kwenye maharage wateja wakizidi, na muuza dagaa anayepanga wazuri juu na vumbi chini. Kila akishuka kwenye basi aliuhamishia mkoba kifuani, akaikaza kanga juu ya sweta, akaanza kuukagua mji kama mkaguzi aliyeletwa na serikali.

Jumamosi hii alikuwa na mzigo wa ziada, kidumu cha togwa ya ulezi. Ulezi aliulima mwenyewe, kimea akakianika mwenyewe, togwa akaipika mwenyewe, kisha akalala na kidumu uvunguni mwa kitanda ili mtu asije akakigusa. Ilikuwa zawadi ya Mama Jenifer, na kama ungemwambia Otilia kwamba ndoa ya mwanawe imo ndani ya kidumu kile, asingekubishia.

Mwanawe huyo, Calvin, ndiye peke yake aliyebaki naye. Alikuwa fundi simu, amepanga chumba Mazwi, na umri wa kuoa ulikuwa umeanza kumpita. Sasa alikuwa amempata Jenifer, binti wa Kisukuma ambaye wazazi wake walishuka na ng'ombe wao kutoka Shinyanga miaka mingi iliyopita. Baba, Mzee Shija, alikuwa bado na mifugo yake huko bondeni. Mama, Rhoda, alijenga mjini, hukohuko Mazwi. Leo mama wa huku na mama wa kule walikuwa waonane kwa mara ya kwanza. Wakielewana, Calvin atatuma mshenga. Wasipoelewana, yamekwisha.

"Mama, nakuomba kitu kimoja tu," Calvin alimwambia kwenye simu jana yake. "Leo usimwonjeshe mtu."

Otilia alikubali, shingo upande. Huko kwao uwandani anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele yako, kukuonyesha kwamba hamna kitu ndani. Ni adabu tu, na siku hizi wengi hugusisha mdomo huku wakiendelea na maongezi yao. Lakini Otilia alikuwa ameigeuza amri. Mumewe, Oswaldi, alikwenda msibani Mpui, akapokea kata ya pombe kutoka kwa mtu ambaye hakuonja, akarudi anashika tumbo, na mwezi haukuisha akafa. Daktari alisema ni ini. Otilia alisema ni ile kata. Tangu hapo hakumeza cha mtu bila mwenyewe kutangulia, na hata akitangulia, Otilia alisubiri kidogo aone kama bado amesimama.

Hivyo ndivyo alivyomfukuza Angela, yule mwalimu mpole aliyekuwa wa kwanza kuletwa nyumbani na Calvin. Alimwonjesha chai ambayo Angela mwenyewe aliipika. Akamwonjesha tena, eti mara ya kwanza midomo haikulowa. Angela akaaga vizuri kabisa, na mpaka leo hajakanyaga tena Laela.

"Shikamoo mama."

Otilia aligeuka. Binti mrefu mwenye sweta la kijani alikuwa amepiga goti palepale kwenye vumbi la stendi, watu wanapita.

"Marahaba. Wewe ndiye Jenifer?"

"Ndiyo mama. Calvin ana kazi mpaka mchana, kanituma nikutembeze mjini kidogo, halafu twende nyumbani. Nikupokee kidumu?"

"Hiki nabeba mwenyewe."

Goti la nini hadharani, aliwaza Otilia. Mtu hapigi goti zuri namna ile bure. Ana jambo. Akamfuata hatua mbili nyuma, mahali pazuri pa kumwona mikono.

Kutembezwa mji unaoujua kuliko anayekutembeza ni kazi ngumu, na Otilia hakujitahidi kuificha. Jenifer alimpeleka kwenye duka moja kubwa la vioo, lenye kila kitu kuanzia sabuni mpaka friji, ambalo vijana wa mjini huingia kutazama tu na kutoka. Mlinzi akasema mizigo inabaki mlangoni.

"Mimi nitakishika, mama, wewe ingia uone," Jenifer akasema.

Otilia alimtazama yeye, akakitazama kidumu, akamtazama mlinzi. Akaamua duka lile ataliona kupitia kioo. Alisimama nje kwenye upepo, akahesabu kwa macho kila kilichokuwa ndani, akatangaza kwamba mwezi uliopita walikuwa na masufuria mengi zaidi.

"Basi twende tukaone uwanja wa ndege unavyojengwa," alisema Jenifer. "Siku hizi watu wengi wanakwenda kupiga picha."

"Nje ya mji? Mimi na wewe peke yetu?"

"Tunachukua bajaji, mama."

"Ndege nitaziona zikipita juu."

Wakaenda sokoni. Hapo angalau Otilia alijisikia yuko kwake, kati ya magunia ya maharage na mafungu ya samaki wakavu aina ya migebuka, baiskeli zikipenya katikati ya watu na kengele zao. Alipapasa ulezi wa mtu, akaunusa, akaurudisha bila kusema neno, na mwenye ulezi akanuna. Jenifer alinunua maandazi ya moto, akampa moja kwa mikono miwili.

Otilia alikuwa na njaa. Alikuwa ametoka Laela na chai kavu. Alilitazama lile andazi, akamkumbuka Calvin, akamkumbuka Oswaldi, na ahadi ikaishia hapohapo.

"Onja kwanza."

Jenifer alidhani ni ukarimu. "Nina langu, mama, asante."

"Onja hilihili."

Binti akamega, akatafuna, akameza. Otilia alimwangalia koo mpaka tonge likapita. Kisha akala, na lilikuwa tamu, na utamu wenyewe ukamtia wasiwasi.

Walipofika kwa muuza maji, Jenifer alinunua chupa, akaifungua, akasita. Akanywa funda moja bila kuambiwa, ndipo akampa. Sasa hapo mtu mwingine angefurahi. Otilia ndiyo kwanza alishtuka. Nani kamwambia? Calvin hawezi kumtangaza mama yake. Anaonja haraka hivi bila kukunja uso, kazoea kuonja vya nani? Alikunywa maji yale akiwa amekasirika.

Mwisho wakaingia uwanja wa kanisa kuu. Otilia hupita hapo kila safari kumsalimia Bikira Maria, na hapo pekee mkoba hushuka kutoka kifuani ukakaa begani. Alipomaliza sala zake alikuta Jenifer amenyoosha simu.

"Mama, tupige picha kidogo, wewe na mimi."

"Inakwenda kwa nani?"

Jenifer alitazama chini. Hakujua kusema uongo, jambo ambalo Otilia alipaswa kuliona tangu asubuhi. "Kwa mama. Ameomba akuone kabla hatujafika."

"Si anakwenda kuniona mchana huu? Anataka kuona nini kwenye picha?"

"Sijui, mama."

Lakini alijua, na Otilia aliona kwamba anajua. Ndiyo hiyo, akajisemea, nilikuwa najua kuna kitu. Wakatoka, wakatembea mpaka Mazwi.

Nyumba ya Rhoda ilikuwa safi, yenye makochi ya vitambaa vyeupe na picha ya ng'ombe ukutani mahali ambapo kwa Otilia hutundikwa msalaba. Rhoda mwenyewe alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya taratibu, aliyemkaribisha kwa maneno yote yanayotakiwa. Otilia aliona, kwa sababu kuona ndiyo kazi yake, kwamba mwenyeji alichagua kiti cha mlangoni, na kwamba mlango haukufungwa ingawa upepo ulikuwa mkali.

"Za Laela, Mama Calvin?"

"Nzuri, dada. Mvua tu imetuchelewea."

"Na macho, yana nini? Mbona mekundu hivyo?"

Swali lilikuja polepole, kama mtu anayeuliza habari za kuku. Otilia alikuwa ameshafungua mdomo kujibu alipoelewa kilichoulizwa. Alikuwa amesikia kwenye redio habari za bibi vizee wa huko walikotoka akina Rhoda, namna macho mekundu yalivyowaponza, wakaitwa wachawi na kuuawa. Alikuwa amewahurumia, akazima redio, akaendelea kupuliza moto. Hata siku moja hakujiweka yeye mwenyewe kwenye habari ile.

"Moshi," alisema. "Kuni zetu mbichi."

"Ee, kuni," akasema Rhoda.

Ndiyo maana ya ile picha. Otilia aliona masikio yake yanapata moto. Alitamani kusimama na kuondoka, lakini Calvin alikuwa njiani anakuja na shati lake jipya, na Jenifer alikuwa amekaa kwenye kigoda cha pembeni, mikono mapajani. Akakisogeza kidumu mbele.

"Nimekuletea togwa, dada. Ulezi wa shambani kwangu."

Rhoda alishukuru kwa mikono miwili. Akaagiza bakuli, akamimina, togwa ikashuka nzito na rangi yake nzuri ya udongo. Kisha, badala ya kuinua, akalisukuma bakuli taratibu juu ya meza mpaka likagusa vidole vya Otilia.

"Onja wewe kwanza, Mama Calvin. Usinichukie. Huu mji wenu jina lake lenyewe linasema tupa uchawi."

Otilia aliviondoa vidole vyake mezani.

Kwanza iliingia hasira. Yeye, Otilia wa Oswaldi, wa jumuiya, wa kwaya, aonjeshwe togwa yake kama mchawi wa kijiji! Baada ya hasira likaja jambo baya zaidi. Alikumbuka kwamba Rhoda hakukosea. Mletaji ndiye anayeonja. Ilikuwa adabu ya Otilia mwenyewe, amri aliyowasumbua nayo watu miaka yote hii, na leo zamu yake ilipofika aliisahau. Aliisahau kwa sababu hakuwa ameizoea upande ule. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipompa mtu kinywaji, jirani, mgeni, mtu yeyote, na hakuipata. Tangu Oswaldi azikwe, alikuwa mpokeaji tu. Watu wa Laela waliacha kuingia kwake, naye alidhani wanaogopa kukamatwa na sumu zao.

Akainua bakuli. Alilishika kwa nguvu, akijua jinsi mikono yako inavyotazamwa na anayekutilia shaka. Akanywa funda moja. Akaliweka.

Rhoda hakulichukua. Alianza kuuliza bei ya mahindi, na barabara ya Laela, na kama kuna baridi huko kuliko hapa, huku macho yake hayatoki usoni kwa mgeni. Otilia aliyajua yale maswali. Ndiyo yaleyale aliyomuuliza Angela akisubiri kuona kama ataanguka. Hakuwa amewahi kujua yanavyouma kuyajibu. Machozi yalimpanda, akayazuia, maana yangemzidishia wekundu wa macho.

Ndipo Jenifer alipoinuka kwenye kigoda. Alilichukua bakuli mbele ya wote wawili, akalielekeza kinywani, akanywa.

"We Jenifer!" mama yake akaruka. "Subiri kwanza!"

Binti hakusubiri. Alikunywa mpaka akalimaliza bakuli, akajifuta mdomo kwa mkono wa sweta.

"Nimeonja vya mama huyu tangu asubuhi," akasema. "Na yeye kaonja cha kwake. Mnataka aonje nani tena?"

Rhoda alimtazama mwanawe. Akatazama bakuli tupu. Mwishowe akavuta kidumu, akajimiminia kidogo, kidogo sana, cha kulowesha ulimi. Akajimiminia tena.

"Mshenga aje," alisema. "Ila aje mchana."

Calvin alipofika aliwakuta wanawake watatu wamezunguka meza, togwa imefika nusu ya kidumu, na hakuna aliyetaka kumweleza.

Jioni walimsindikiza stendi. Upepo ulikuwa umezidi, wapiga debe walikuwa wakimvuta kila upande, na mmoja alimwuliza anakwenda wapi. Otilia alimjibu, "Laela, mwanangu," kijana akashangaa, maana siku zote yule mama humwambia haimhusu. Mkoba ulikuwa umemning'inia begani.

Jenifer alikimbilia kwa muuza chai, akarudi na kikombe kinachofuka moshi. Alikuwa ameshajifunza. Kabla hajampa, akakiinua kuelekea mdomoni mwake. Calvin aliona, akafumba macho kwa aibu.

Otilia, aliyekuwa ameshaketi ndani ya basi, alinyoosha mkono dirishani.

"Lete hapa," alisema. "Naanza mimi. Utanimalizia."