Mizinga ya Mlimani

Kwao Masisi, mashariki mwa Kongo, mgeni haachwi aondoke peke yake. Unamsindikiza mpaka njia panda, na ukimpenda sana unavuka naye daraja. Sasa mume akiwa dereva wa lori Marekani, anayeamka jimbo hili na kulala jimbo lile, utamsindikiza vipi? Générose alimsindikiza kwa simu. Kila asubuhi alichomeka kidude cha kusikilizia sikioni, akafunga kitambaa juu yake kisionekane, akaenda kutandika vitanda kwenye hoteli moja ya Bloomington huku Janvier akinguruma sikioni mwake. Hawakuwa na maneno mengi. Alisikia injini, waipa, kikohozi, wimbo wa kwaya ukikatwa katikati. Hayo yalimtosha kujua kwamba bado ni mke wa mtu.

Asubuhi hiyo injini ilikuwa imenyamaza.

"Balifunga barabara," Janvier alisema. "Kamiyo zimepangana hapa chini ya mulima. Neige inaanguka siku ya tatu sasa, na banasema ile ya kule juu inaweza kuporomoka itufunike."

"Nani alisema?"

"Monsieur mumoja wa koti ya njano. Alipita ku dirisha, akaongea mingi, mingi."

"Na weye ulielewa?"

"Nilimwambia OK, thank you."

Lo, hiyo OK, thank you Générose aliijua! Ndiyo waliyompa daktari, mwalimu wa binti yao Kirezi, na mwenye nyumba kule Crystal walikopanga. Waliiita adabu, kumbe ilificha aibu ya kuuliza mara ya pili. Alikung'uta foronya, akachungulia dirishani. Theluji ya hapa ilianguka kwenye maegesho, mahali tambarare, haina pa kuporomokea. Ya kule ilikuwa imening'inia juu ya kichwa cha mumewe.

Ndipo mzinga ulipolia sikioni mwake.

Haikuwa radi. Anayeijua sauti ile hafundishwi. Mlima uliipokea na kuirudisha, na Générose akajikuta amelala kifudifudi kati ya kitanda na ukuta, kama vile miaka kumi na minne haijapita. Siku ile walikuwa wamepanda lori la kukimbia vita. Liliposimama alishuka kutafuta maji, akamwambia mdogo wake Mugabo, ambaye miguu ilikuwa imemvimba kwa kutembea, "Baki hapo, usitoke." Bomu likapiga lori. Tangu hapo hakuwahi kumwambia mtu abaki ndani ya gari. Hata akipitia dukani kuchukua maziwa tu, alimshusha Kirezi naye, baridi iume isiume.

"Toka!" alipiga kelele. "Baba Kirezi, toka mu kamiyo! Kimbilia mu miti!"

Akasikia mlango wa lori ukibamizwa. Akasikia pumzi zake, viatu vikizama kwenye theluji, upepo. Mzinga ukalia mara ya pili.

Maureen, Mkenya aliyesimamia ghorofa ile, akaingia mbio. "Mama Kirezi! Nini imetokea?"

"Banapiga bombe! Kule mulimani, banapiga bombe ku batu!"

Maureen hakushangaa. Alikuwa amefanya kazi majira mawili ya baridi kwenye hoteli ya milimani, na sauti hizo alizoea kuzisikia kabla ya chai. "Si vita," alisema, akichuchumaa. "Hao ni watu wa barabara. Wana-shoot hiyo snow na mzinga ishuke mapema, wakati hakuna mtu chini, na magari zimesimamishwa mahali haifiki. Si bwanako yuko kwa gari?"

Générose aliivuta foronya kifuani.

"Mama Kirezi. Yuko kwa gari?"

"Nilimwambia akimbilie mu miti."

"Miti gani? Si ile iko chini ya huo mlima?" Maureen akajishika kichwa. "Mwambie arudi kwa gari! Saa hii!"

Générose aliita. Alimwita kwa jina la mtoto, kwa jina lake mwenyewe, kwa jina la baba yake. Lakini simu sasa ilikuwa mfukoni, chini ya koti, na upepo ulimshinda. Kisha ukaja mvumo mrefu, kama mahindi yanayomiminwa ghalani bila kwisha, ukakaribia, ukakaribia mpaka ukajaa sikio lote. Halafu kimya.

Simu haikukatika. Sekunde ziliendelea kujihesabu kwenye kioo. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, lakini wa kwake uliponza vichwa vya wengine, cha kwanza kwa kusema baki, cha pili kwa kusema toka. Aliogopa kifo cha Janvier, na zaidi ya hicho aliogopa kwamba yeye ndiye aliyekiita. Maureen alimshika mkono akaomba kwa Kiswahili, kisha kwa Kikisii. Zikapita dakika nne.

Kikohozi.

"Mama Kirezi?"

Générose alikigandamiza kidude sikioni.

"Yule wa njano alinifuata mbio, akanivuta na kofia ya koti. Tukaanguka nyuma ya kamiyo. Neige ikapita pale ku miti." Alihema. "Ile miti haiko tena. Alinigombeza sana. Sasa niko ndani."

"Ni miye nilikuambia utoke."

"Ni weye," Janvier alisema, bila lawama hata chembe, kama mtu anayetaja siku ya juma. "Ukisema, ninafanya."

Hapo ndipo alipolia. Angemtukana ingekuwa nafuu.

"Anasema inabakia kupiga moja," Janvier aliendelea. "Safari hii nilimuuliza mara tatu. Anasema nisitoke, lakini..."

Mzinga wa tatu ukalia. Générose akasikia kitasa cha mlango wa lori kikibofywa.

"Mama Kirezi! Nifanye nini?"

Mwili wake wote ulitaka kusema toka. Alimwona Mugabo nyuma ya lori lile, amenyoosha miguu yake iliyovimba, anamtazama. Mvumo ulikuwa umeanza. Générose akafumba macho, akauma foronya, kisha akaitema.

"Baki," alisema. "Baki hapo, usitoke. Ninakusindikiza."